Duara Lina Kipimo Kimoja, Yai Lina Viwili

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita, Tanga

Marahaba, wanangu. Kaeni. Mkuu wa Shule, walimu, ahsanteni kwa kunipokea.

Nimeombwa niwaeleze kazi ya ultrasaundi, yaani kutazama ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Nimeifanya miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikuwa mkunga wa wodi ya wazazi. Nikianza kuwaeleza vitufe vya mashine mtasahau kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo leo nitashika umbo moja tu, umbo la yai, nilifuate popote litakaponipeleka. Litatupitisha kwenye nyonga, kwenye moyo, ndani ya sikio na kwenye vitabu vyenu vya hesabu. Wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, msisinzie nikitaja kondo la nyuma, na wa PCB, mliochukua baiolojia badala ya hesabu, msisinzie nikitaja mzizi wa pili wa namba.

Naanza na mama mmoja. Alikuja kwangu na mimba ya miezi minane, macho yamevimba. Alikuwa amepimwa mahali pengine akaambiwa kichwa cha mtoto ni kidogo kuliko umri wa mimba. Hakuelezwa zaidi ya hapo. Alikuwa ameshika karatasi yenye namba moja, na ile namba alikuwa amelala nayo siku tatu.

Nikampaka jeli, nikaweka kifaa cha mashine tumboni. Mtoto alikuwa ametanguliza matako, kichwa kiko juu kabisa, kimebanwa chini ya mbavu za mama. Nikapima upana wa fuvu, kutoka upande wa sikio hili hadi upande wa sikio lile. Kweli, ulikuwa mdogo. Kisha nikapima urefu, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Nikazungusha mstari kuzunguka fuvu lote, na mzingo ukatoka sawasawa na umri wa mimba. Mtoto hakuwa na kichwa kidogo. Alikuwa na kichwa kirefu. Watoto wanaokaa kwa kutanguliza matako mara nyingi huwa na kichwa cha namna hiyo. Aliyempima kwanza alichukua upana akaacha urefu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonileta. Kama kichwa cha mtoto kingekuwa duara, yule mpimaji asingekosea. Duara ukilipima upande mmoja umelimaliza: kipenyo chake ni kilekile popote utakapoweka rula. Umbo la yai halikubali hivyo. Linadai vipimo viwili, na anayelipa kimoja linamdanganya. Tena mwili wa binadamu una mayai mengi kuliko maduara.

Nahitaji watu wawili. Kaka wa PCM, njoo. Dada wa PCB, njoo na wewe. Hapa nina ubao laini, misumari miwili, uzi niliofunga kitanzi, na penseli. Kaka, gongelea misumari, uiachanishe kama shibiri moja. Vizuri. Dada, vika kitanzi kwenye misumari yote miwili, tia penseli ndani ya kitanzi, vuta mpaka uzi ukaze, halafu zunguka. Usiuachie ulegee.

Mnaona kilichotoka? Hiyo ndiyo duaradufu. Apollonius wa Perga, Mgiriki, alikuwa ameichambua zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na watunza bustani hadi leo wanachorea vitalu vya maua kwa uzi huuhuu. Kila msumari umekaa mahali panapoitwa fokasi. Siri ya umbo iko kwenye uzi, kwa sababu uzi haurefuki wala haufupiki. Penseli ikiukaribia msumari huu, inaachana na ule kwa kiasi kilekile. Jumla ya masafa mawili haibadiliki kamwe.

Tutofautishe maneno kidogo, maana wengi huyachanganya. Yai la kuku si duaradufu. Yai lina ncha iliyochongoka na ncha butu. Ukilikunja katikati kwa urefu pande zinalingana, ukilikunja kwa upana hazilingani. Duaradufu inalingana kote kuwili. Tabibu anaposema kitu kina umbo la yai hajali sana tofauti hiyo. Mtu wa hesabu anajali, na kuna mmoja ilimtesa miaka.

Huyo ni Johannes Kepler. Alikuwa anatafuta njia ya sayari ya Mars, na kabla yake karibu kila mtu aliamini mbingu zinakwenda kwa maduara. Hesabu yake ya duara ilitofautiana na vipimo vya mtazama nyota Tycho Brahe kwa dakika 8 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60), kiasi kidogo ambacho wengine wangekifumbia macho. Yeye alikataa. Akaacha duara, akaingia kwenye umbo la yai, la kweli, lenye ncha moja nyembamba, akahangaika nalo. Mwaka 1603 alimwandikia mwanaanga mwenzake kwamba laiti njia hiyo ingekuwa duaradufu kamili, kazi ya Wagiriki wale wa kale, Archimedes na Apollonius, ingemtosha. Na kumbe ilikuwa duaradufu kamili! Alichapisha jibu mwaka 1609. Kila nikiikumbuka habari hii namheshimu zaidi, kwa sababu alikuwa ameshalitaja jibu kwa kalamu yake mwenyewe, akaendelea kupima mpaka vipimo vyenyewe vikamrudisha kwake.

Turudi kwenye ubao wa hawa vijana. Chukueni uzi uleule, lakini sasa uwe njia ya sauti. Sauti ikitoka kwenye msumari wa kwanza, ikagonga ukuta wa duaradufu popote, inarudi kwenye msumari wa pili. Na kwa kuwa kila njia ina urefu sawa, mawimbi yote yanafika kwa wakati mmoja, yakiwa na nguvu zilizojumlishwa. Sasa weka jiwe la figo kwenye huo msumari wa pili.

Hilo lilifanyika kweli. Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine yenye bakuli lililochongwa kama sehemu ya duaradufu. Mgonjwa alilazwa ndani ya maji. Cheche ya umeme ililipuka kwenye fokasi ya bakuli, mawimbi yakagonga kuta, yakapita kwenye maji, yakapita kwenye nyama bila kuikata, yakakutana kwenye fokasi nyingine, ambapo madaktari walikuwa wameliweka jiwe kwa uangalifu mkubwa. Mapigo yakirudiwarudiwa, jiwe linavunjika kuwa chembe, na mgonjwa anazikojoa. Kabla ya hapo mtu kama huyo mara nyingi alipasuliwa ubavu. Kazi hiyo imefanywa na sifa ileile mliyoichora sasa hivi kwa misumari na uzi.

Wa PCM, nina swali lenu. Mzingo wa duara mnaujua: pai mara kipenyo. Eneo la duaradufu nalo ni rahisi: pai, mara nusu ya urefu, mara nusu ya upana. Je, mzingo wa duaradufu? Mwalimu wenu anatabasamu kwa sababu anajua. Hakuna kanuni fupi inayotoa jibu kamili. Kuna mfululizo wa hesabu usiokwisha, na kuna makadirio. Makadirio mazuri mno yalitolewa mwaka 1914 na Srinivasa Ramanujan, kijana wa Kihindi aliyekuwa karani wa bandari ya Madras kabla ya kwenda Cambridge.

Tuyajaribu kwenye kichwa cha mtoto aliyekaribia kuzaliwa: upana sentimita 9.5, urefu sentimita 11.5. Sisi wa ultrasaundi tunajumlisha vipimo viwili tunapata 21, tunazidisha kwa 1.57, ambayo ni nusu ya pai. Jibu ni karibu 33. Sasa Ramanujan. Nusu za vipimo ni 5.75 na 4.75. Jumlisha, zidisha kwa 3: unapata 31.5. Weka kando. Kisha mara tatu ya kikubwa ongeza kidogo: 22. Mara tatu ya kidogo ongeza kikubwa: 20. Zidisha 22 kwa 20, tafuta mzizi wa pili wa 440, ambao ni 20.98 hivi. Uondoe kwenye 31.5, kinachobaki zidisha kwa pai. Unapata 33.06. Tofauti na njia yetu ya haraka haifiki milimita moja. Kwa kichwa cha kawaida, basi, njia ya haraka inatosha. Kichwa kikirefuka sana kama cha yule mtoto, tofauti inaanza kukua, lakini hata hapo ni afadhali mara mia kuliko kupima upana peke yake.

Sasa naingia nyumbani kwangu: nyonga.

Nilipokuwa chuo cha ukunga tulikariri namba tatu kama wimbo: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mlango wa juu wa nyonga ya mwanamke, mtoto anapoingilia, una takriban sentimita 13 kutoka kushoto kwenda kulia, na 11 kutoka mbele kwenda nyuma. Ni umbo la yai lililolazwa ubavu. Ukumbi wa katikati una 12 kila upande, karibu duara. Mlango wa chini, wa kutokea, una 11 kushoto na kulia, na 13 mbele na nyuma. Yai lilelile, ila sasa limegeuzwa robo ya mzunguko.

Namba hizo tuliziandika kwenye mtihani tukapata alama. Kuzielewa ilikuja baadaye, usiku mmoja wodini, nikiwa nimeweka vidole na mkunga mkuu akiniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia nasikia kichwa. Akasema, "Kichwa najua. Kinatazama wapi?" Akaniachia muda. Nikatafuta mshono wa fuvu kwa ncha ya kidole, nikaufuata mpaka nikafika kwenye utosi wa nyuma, ule mdogo wa pembetatu. Ulikuwa upande wa kushoto wa mama. Nusu saa baadaye nikapima tena, ulikuwa umesogea mbele. Mtoto alikuwa anageuka. Hakuna aliyemgeuza.

Hapo ndipo zile namba zikaniingia. Kichwa cha mtoto ni kirefu upande mmoja na chembamba upande mwingine. Mlango wa kwanza ni mpana kushoto na kulia, kwa hiyo anaingia akiwa ametazama ubavuni mwa mama. Mlango wa mwisho ni mpana mbele na nyuma, kwa hiyo lazima ageuke ili atoke akitazama mgongo wa mama. Ule ukumbi wa duara katikati ndio unaompa nafasi ya kugeukia. Kisha mabega nayo, ambayo upana wake unakingamana na urefu wa kichwa, yanafanya safari ileile kwa zamu yao. Ndiyo maana kichwa kikishatoka mkunga anakiona kinageukia paja la mama: mabega yanatafuta mlango wao huko ndani.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Mtoto akija na kichwa kilichonyooka, anatanguliza ule urefu wa sentimita 11.5. Akiinamisha kidevu kifuani, kinachotangulia ni sehemu kutoka chini ya kisogo hadi utosi wa mbele, sentimita 9.5. Na upana wake nao ni 9.5. Yaani kwa kuinamisha kichwa tu, amegeuza yai likawa duara, na duara lenye kipenyo cha 9.5 ndilo linalopita kwa urahisi. Mnaona kwa nini mkunga anauliza kinatazama wapi, na kimeinama kiasi gani? Ukubwa wa kichwa peke yake haumwambii kama mama huyu atajifungua salama.

Mtoto ametoka. Tumfuate moyoni.

Akiwa tumboni hapumui. Hewa anaipata kwenye damu inayotoka kwenye kondo la nyuma kupitia kiungamwana. Mapafu yamejaa majimaji, na kuyapelekea damu yote kungekuwa kazi bure. Basi kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo kuna tundu ambalo kwa Kilatini linaitwa foramen ovale, yaani tundu la umbo la yai. Damu yenye hewa safi inaingia chumba cha kulia, inapita kwenye tundu, inafika kushoto, inasukumwa kwenda kwenye ubongo na mwili. Tundu lina kipande cha ukuta kinachofanya kazi ya mlango wa upande mmoja.

Anazaliwa, analia. Mapafu yanafunguka, damu inayamiminikia, inarudi kwa wingi chumba cha kushoto. Msukumo wa kushoto unauzidi wa kulia, na ule mlango unabamizwa ukafunga. Hayo yote ndani ya pumzi za kwanza. Miezi inayofuata mlango unaota na kushikana na ukuta. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne haushikani kikamilifu, na wengi wao wanaishi mpaka uzeeni bila kujua. Kwa waliobaki hubaki kovu, kishimo kidogo chenye umbo la yai. Wekeni mkono kifuani. Mlango huo kila mmoja wenu alipita nao, na alama yake mnayo hapo.

Sikio nitalipitia kwa haraka, ingawa wa fizikia mnaweza kulikalia siku nzima. Ukipiga mbizi pale Raskazone, rafiki yako akakuita kutoka ufukweni, husikii kitu. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote inarudishwa. Shida hiyohiyo ipo kichwani mwenu, kwa sababu sehemu ya ndani ya sikio, iliyojizungusha kama konokono, imejaa majimaji. Sauti iingieje? Ngoma ya sikio ina eneo la milimita za mraba 55 hivi zinazotumika. Inatikisa mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake milimita 3 tu, na nyayo yake imekaa kwenye dirisha la umbo la yai lenye eneo la milimita za mraba 3.2. Gawanyeni 55 kwa 3.2. Ni 17. Nguvu ileile kwenye eneo dogo mara 17. Ongezeni faida ya wenzo wa ile mifupa, na msukumo unapanda mara 22 hivi. Sauti inaingia majini. Ugonjwa ukiota mfupa pale dirishani, nyayo ya kikuku ikaganda, mtu anapoteza usikivu hata kama ngoma yake ni nzima. Mwaka 1956 daktari Mmarekani, John Shea, alikitoa kikuku kilichoganda akaweka kipande cha plastiki mahali pake, na mgonjwa wake akasikia.

Neno ovale mtalikuta pia maabara ya malaria. Kuna kimelea kinaitwa Plasmodium ovale, kilichopewa jina mwaka 1922 na J. W. W. Stephens wa Liverpool, kutoka kwenye damu ya mgonjwa aliyekuwa ametoka huku kwetu Afrika Mashariki. Chembe nyekundu za damu ambazo kimelea hiki kimeziingia hurefuka zikawa kama yai. Malaria nyingi ya Tanzania ni ya kimelea kingine, falciparum, na baadhi ya vipimo vya haraka hutafuta protini ya falciparum pekee. Kwa hiyo mgonjwa wa ovale anaweza kuambiwa hana malaria. Kimelea hiki pia hujificha kwenye ini na kuamka baada ya wiki au miezi. Anayekigundua ni mtu aliyekaa na hadubini, akatazama umbo la chembe moja baada ya nyingine. Kama kuna mmoja wenu anayefikiria maabara, ajue kazi hiyo bado inamhitaji.

Namalizia na kile ninachokifanya kila siku. Anakuja mzee anayepata shida ya kukojoa. Napima kibofu chake baada ya kwenda haja, na tezi dume yake: urefu, upana, kina. Nazidisha zote tatu, kisha nazidisha kwa 0.52. Kibofu chenye 10 kwa 8 kwa 7 kinatoa mililita 290 hivi, na hiyo inamwambia daktari kwamba mkojo mwingi unabaki ndani. Wafunzwa wangu huuliza 0.52 imetoka wapi. Wengi hufundishwa waikariri. Ni pai gawanya kwa 6. Kitu chenye umbo la duaradufu nene ukikitia kwenye sanduku linalokigusa kila upande, kinajaza karibu asilimia 52 ya sanduku, na kilichobaki ni hewa ya pembeni. Nikiwaonyesha hivyo, hawaisahau tena, na wakikosea kipimo kimoja wanashtuka wenyewe.

Pale mezani kuna trei ya mayai, jikoni wametuazima. Kuna kalipa za vernier, silinda za kupimia, na kopo lenye mdomo wa kumwagia maji. Kila kundi lichukue yai moja. Pimeni urefu na upana, kisha zidisheni urefu kwa upana, kwa upana tena, na kwa 0.52; upana unaingia mara mbili kwa sababu yai ni duara ukilitazama kwa ncha. Yai la sentimita 5.7 kwa 4.3 litawapa kwenye karatasi sentimita za ujazo 55 hivi. Kisha lizamisheni na mpime maji yaliyomwagika. Mtakuta maji ni pungufu kidogo kuliko hesabu, na nataka kila kundi liniambie kwa nini. Angalieni ile ncha iliyochongoka.